Si Virusi, ni Wadoezi: Jinsi Matangazo Yanavyoingia Pamoja na Programu za Bure

Juni ikielekea ukingoni, saiba za Malindi hujaa. Ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, mwisho wake ni tarehe 30, wanafunzi wanachapisha fomu, na kwenye benchi kuna wazee walioshika P9, fomu za mapato na kodi ya mwaka, zilizokunjwa mara nne. Ni katika msimu huu utasikia mazungumzo ya aina hii:

"Kijana, hii mashine yaniletea mambo ya kubeti. Mimi nataka KRA."

"Mzee wangu, hiyo funga tu. Ni virusi."

Basi neno limekwisha hapo. Mwenye duka atasema virusi vimeletwa na wateja wanaochomeka flashi zao. Aliye kwenye kiti cha pili atasema ni mahaka wa ng'ambo. Jioni kutakuwa na ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa ukionya watu wasiende saiba fulani. Wakati huohuo, dalili zenyewe hazifanani na za virusi: umeandika jina la tovuti ukapelekwa ukurasa wa utafutaji usioujua, madirisha ya matangazo yanajifungua, na pembeni chini panachomoza onyo kwamba kompyuta ina virusi 5 na unatakiwa ulipe zisafishwe.

Tuanze na maana za vitu. Kivinjari ni programu unayofungulia kurasa za intaneti: Chrome, Firefox, Edge, Opera. Ekstensheni ni kiprogramu kidogo kinachobandikwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea kazi, kama kuzuia matangazo, kutafsiri au kupakua video. Programu ya matangazo ni ile ambayo, hata ikijiita kikokotoo au kisafisha kompyuta, kazi yake hasa ni kukuonyesha matangazo au kuupeleka utafutaji wako kwa anayelipa. Virusi hujinakili na kuingia bila kuombwa. Programu ya matangazo huingia kwa sababu kuna mtu, kwa kidole chake, alibonyeza "Next".

Hiyo tofauti ndiyo kiini cha mambo. Fikiria umemwalika mtu mmoja harusini na kadi ina jina lake peke yake. Anafika na wadoezi watano mgongoni. Mlangoni anasema, "Tuko pamoja," nawe hutaki fujo siku ya furaha, unawaachia njia. Wakila pilau, si neno. Ila mmoja anakwenda kwa DJ kubadilisha nyimbo, wa pili anakaa karibu na wanawake wanaohesabu pesa za tuzo akisikiliza kila kitu, na wa tatu anasimama nje akiwaelekeza wageni wako kwenye harusi ya mtaa wa pili. Mwalikwa ni programu uliyoitaka. Hao wengine ni upau mpya juu ya kivinjari, ekstensheni usiyoikumbuka na ukurasa wa mwanzo uliobadilika. Ukiwauliza nani amewaingiza, watakwambia ni wewe, na kwa bahati mbaya wana ushahidi.

Ushahidi huo hupatikana hivi. Mtu anataka VLC ya kuchezea video za harusi ya dada yake. Anaitafuta Google na kubofya jibu la kwanza, bila kuona neno dogo "Sponsored" juu yake. Ukurasa unafunguka una vitufe vitatu vya kijani vilivyoandikwa "Download". Viwili ni matangazo. Cha tatu kinashusha faili la MB 2, ilhali VLC halisi ya Windows inapita MB 40. Hapo tayari kuna jambo, lakini nani huangalia ukubwa? Analifungua. Dirisha la kwanza linamkaribisha: "Next". La pili lina masharti marefu: "Next". La tatu linafanana kabisa na la pili, kitufe kipo palepale, rangi ileile, ila masharti sasa ni ya programu nyingine kabisa, na chini kuna visanduku viwili vyenye tiki zilizowekwa tayari: badilisha ukurasa wangu wa mwanzo, badilisha mtambo wangu wa utafutaji. Kitufe cha kukubali kinang'aa. Cha kukataa kimepakwa kijivu kana kwamba hakifanyi kazi. Kinafanya. Aliyekichora alitaka uamini hakifanyi.

Wakati mwingine ujanja huwekwa kwenye chaguo la njia: "Express", iliyoandikwa kwamba ndiyo inayopendekezwa, au "Custom", iliyoandikwa kwamba ni ya wajuzi. Visanduku vyenye tiki vimefichwa ndani ya "Custom", na maneno ya kutisha yamewekwa hapo ili mtu wa kawaida asiingie.

Usidhani huu ni mchezo wa vijitovuti vya uchochoroni tu. Kwa miaka mingi Java, programu iliyokuwa karibu katika kila kompyuta, ilikuja na upau wa Ask, mtambo wa utafutaji, ukiwa na tiki tayari. Mwaka 2013 mwandishi Ed Bott alionyesha kwamba kisakinishi cha upau huo kilikuwa kikisubiri kama dakika 10 baada ya Java kumaliza kusakinishwa ndipo kiingie. Ukienda haraka kwenye orodha ya programu kukagua, huoni kitu. Desemba 2011, Gordon Lyon, aliyeunda Nmap, programu ya kukagua mitandao, aligundua kwamba tovuti kubwa ya Download.com ilikuwa imeifunga programu yake ndani ya kisakinishi chake yenyewe kilichoongeza upau na kubadilisha mtambo wa utafutaji, bila idhini yake. Alilalamika hadharani, na wenye tovuti wakaomba radhi. Waundaji wa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, waliihama SourceForge, tovuti ya kugawia programu, mwaka 2013 kwa sababu za namna hiyohiyo, na mwaka 2015 wakakuta GIMP ya Windows bado inagawiwa pale ikiwa na vya kuambatana.

Kwa hiyo yule anayesema "programu za bure ndizo zenye shida" amekosea mlango. VLC ni ya bure na ni safi ukiichukua kwa wenyewe, shirika la VideoLAN la Ufaransa, kwenye videolan.org. Jean-Baptiste Kempf, anayeliongoza shirika hilo, amesema hadharani kwamba aliwahi kukataa makumi ya mamilioni ya euro ili asiiwekee matangazo. Shida iko kwa mchuuzi wa katikati anayechukua kitu safi na kukifunga upya.

Sasa, kwa nini mtu ahangaike hivyo kwa ajili ya laptopu yako ya mtumba? Kwa sababu analipwa kwa kichwa. Mwaka 2016 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York walichunguza biashara hii ya kulipia kila usakinishaji. Waliona malipo ya kati ya senti 10 za dola na dola 1.50 kwa kompyuta moja, kutegemea nchi aliko mwenye kompyuta. Hiyo dola 1.50 kwa leo inakaribia shilingi 200. Katika utafiti huohuo, mfumo wa Google wa kutoa maonyo kwa watumiaji ulikuwa ukitoa zaidi ya maonyo milioni 60 kila wiki kuhusu vipakuliwa vya aina hii, mara tatu ya yale ya programu hasidi zenyewe, zile zilizoundwa kudhuru. Nchi tajiri hulipiwa zaidi. Sisi ni wa bei ya chini, lakini tuko wengi na hatusomi madirisha.

Baada ya malipo ya kuingia yapo ya kukaa. Ukitafuta "hoteli Watamu", kivinjari kilichotekwa hupitisha maneno yako kwenye seva yake kwanza, kisha mara nyingi hukutupa kwenye matokeo ya kawaida ya Bing au Yahoo. Wewe unaona majibu, hujali. Yeye amepata kamisheni ya utafutaji ule, na pengine amehifadhi ulichotafuta. Wengine huchomeka matangazo yao ndani ya kurasa za watu. Mwaka 2015 Google na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuta kwamba zaidi ya asilimia 5 ya anwani za intaneti zilizotembelea tovuti za Google zilikuwa na dalili za kuchomekewa matangazo hivyo. Mwenye gazeti au duka la mtandaoni halipwi kitu kwa matangazo hayo, na bando linalotumika kuyashusha ni lako.

Hadi hapo ni kero. Hatari huanzia pengine, na mfano wake mzuri ni Superfish. Mwishoni mwa 2014 baadhi ya laptopu mpya za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu hiyo tayari, kazi yake ikiwa ni kuonyesha matangazo ya bidhaa. Ili iweze kuona hata kurasa zenye alama ya kufuli, zile za benki na barua pepe, ilijiweka katikati na kujipa cheti chake cha usalama ambacho kompyuta ilikiamini. Ufunguo wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Februari 2015 mtafiti Robert Graham aliupata ufunguo na nenosiri lake: "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza kipande hicho cha teknolojia. Maana yake, mtu yeyote aliyekuwa kwenye Wi-Fi moja nawe, tuseme katika mkahawa pale Barabara ya Lamu, angeweza kujifanya benki yako na kufuli bado likaonekana zima. Mwaka 2017 Lenovo ilifikia makubaliano na mamlaka za Marekani kuhusu kesi hiyo. Hakuna mnunuzi aliyebonyeza chochote. Mdoezi alikuja na nyumba.

Ekstensheni nazo zina hadithi yake, na hii huwashangaza hata mafundi. Ekstensheni iliyo safi leo inaweza kuuzwa kesho, na mnunuzi akaisasisha kimyakimya ndani ya kompyuta za wote walioiweka. The Great Suspender ilikuwa ekstensheni ya kupumzisha tabo zisizotumika, yenye watumiaji zaidi ya milioni 2, na watu waliipenda kwa haki. Mwaka 2020 mwenyewe aliiuza kwa mtu asiyejulikana. Februari 2021 Google iliiondoa na kuizima kwenye vivinjari vya watu kwa kuwa ilikuwa na programu hasidi ndani. Waliokuwa nayo hawakusakinisha kitu kipya wala kubofya tangazo lolote. Ndiyo maana ile ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako zote katika tovuti zote, ambayo watu huikubali ili kupata picha ya bahari nyuma ya tabo mpya, mimi naiona ni ghali mno kwa picha ya bahari. Sisi bahari tunayo.

Kuna pia kundi ambalo halisakinishi chochote, na kwa maoni yangu ndilo linalosumbua watu wengi zaidi pwani hii: arifa. Ni Jumamosi, mechi ya Uingereza inaanza, kijana anatafuta mahali pa kuitazama bure. Tovuti inafunguka, skrini nyeusi, na maneno: bonyeza "Allow" kuthibitisha wewe si roboti. Hakuna uthibitisho wowote hapo. Kitufe kile kinaipa tovuti ruhusa ya kukutumia arifa wakati wowote, hata ukiwa umeifunga. Kesho yake yanaanza yale maonyo ya pembeni, yenye nembo ya kuiga ya antivirusi mashuhuri, eti usajili wako umekwisha, lipa. Ukitazama kwa makini utaona jina la Chrome na anwani ya tovuti iliyotuma, kwa herufi ndogo. Onyo halisi la usalama wa Windows halina anwani ya tovuti ya mpira.

Kwa vile sababu ni tofauti, kabla ya kumlipa fundi jaribu kumtambua mgeni wako kwa dalili. Fungua dirisha la faragha, "Incognito". Ekstensheni huwa zimezimwa humo isipokuwa uliyoiruhusu mwenyewe, hivyo tatizo likitoweka, mshukiwa ni ekstensheni. Likiwepo katika Chrome na Firefox na Edge vilevile, mshukiwa ni programu iliyo ndani ya kompyuta. Likiwa katika tovuti moja tu, ni matangazo ya tovuti hiyo, huna mgeni. Yakichomoza hata ukiwa unaandika barua kwenye Word, mara nyingi ni arifa. Kumtambua mgeni hivi, kusema kweli, ndiko faida kubwa ya dirisha la faragha. Wanaodhani linawaficha kwa mtoa huduma wa intaneti au kuwakinga na programu mbaya wanalitwisha mzigo usio wake.

Dhana iliyowagharimu watu pesa nyingi kuliko zote ni ya kufomati. Fundi anafuta kila kitu, anaweka Windows upya, anachukua ada yake. Mwenye laptopu anarudi nyumbani, anaingia kwenye Chrome kwa akaunti yake ya Gmail, anawasha usawazishaji ("Sync"), na baada ya muda mfupi ekstensheni ileile imerudi mahali pake. Fundi hakukudanganya. Chrome huhifadhi orodha ya ekstensheni zako kwenye akaunti ili uzikute kokote uingiako. Kwa njia hiyohiyo, ukiwasha usawazishaji kwenye mashine ya saiba, ekstensheni za pale zinaweza kuunganishwa na akaunti yako na kukufuata nyumbani. Hakuna flashi iliyohusika.

Antivirusi nayo hukaa kimya kwa sababu iliyotajwa mwanzoni: mtu alikubali. Windows ina kinga ya programu za aina hii, lakini hakikisha imewashwa. Fungua Windows Security, nenda "App & browser control", kisha "Reputation-based protection", na utafute mahali pa kuzuia programu zisizotakiwa.

Kusafisha kwenyewe si kazi ngumu. Kwa ekstensheni, andika chrome://extensions kwenye mstari wa anwani na uondoe kila usichokijua au usichokitumia. Kama ulikuwa umewasha usawazishaji, acha umewashwa unapoondoa, ili iondoke na kwenye akaunti. Kwa arifa, nenda kwenye mipangilio ya faragha ya Chrome, sehemu ya tovuti, kisha "Notifications", na ufute zote zilizoruhusiwa. Utacheka utakavyokuta humo. Kwa programu, fungua orodha ya programu za Windows, ipange kwa tarehe, na uangalie kilichoingia siku ileile na kile ulichokitaka. Mwisho, "Reset settings" ndani ya Chrome hurudisha ukurasa wa mwanzo na mtambo wa utafutaji na kuzima ekstensheni, bila kufuta nenosiri ulizohifadhi. Ikiwa ekstensheni haina kitufe cha kuondolewa na Chrome inakwambia inasimamiwa na shirika lako, ilhali laptopu ni yako na shirika huna, kuna programu iliyoandika sheria ndani ya Windows. Angalia chrome://policy, na hapo ndipo fundi anapostahili ada yake.

Simu ni hadithi nyingine kidogo. Chrome ya Android haina ekstensheni, hivyo tangazo linalofunika skrini nzima huku hujafungua kitu linatoka kwenye app: tochi, kisafisha kumbukumbu, picha za ukutani. Katika mipangilio tafuta ruhusa ya "Display over other apps" uone nani amepewa. Na wale wa WhatsApp za kubandikwa, zile zisizo rasmi za kusoma ujumbe uliofutwa, waelewe kwamba mchezo wa wadoezi upo na huko. Agosti 2021 Kaspersky, kampuni ya antivirusi, ilitangaza kwamba toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya hizo, lilikuwa na programu hasidi ya Triada, iliyoingia pamoja na kipande cha matangazo. Miongoni mwa uwezo wake ni kumsajilisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia. Salio likipungua usiku, si kila mara mtandao ndio unaokuibia.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini iwe ya wazi, ya hiari na ya mtu aliyefahamishwa. Tiki uliyowekewa na mwingine haifiki huko hata kwa kusukumwa. Ila wenye visakinishi hivi hawana ofisi Malindi wala Nairobi, kwa hivyo kwa sasa sheria hiyo inamfaa zaidi mwenye saiba, ambaye ndiye anayeshika data za watu kila siku.

Naye ana njia rahisi isiyomgharimu hata shilingi. Chrome ina hali ya mgeni, "Guest": haina ekstensheni za wasifu wa duka, haihifadhi historia, na mteja akifunga dirisha kila kitu chake kinafutika. Mashine iwe na akaunti mbili za Windows, ya mwenye duka yenye mamlaka ya kusakinisha na ya wateja isiyo nayo, japo ekstensheni hazihitaji mamlaka hayo, ndiyo maana hali ya mgeni inahitajika vilevile. Alama ya iTax, tovuti ya KRA ya kujazia ritani, iwekwe mezani, kwenye skrini ya kwanza, ili mzee wa P9 asilazimike kuitafuta Google na kuangukia "Sponsored". Na mteja aliyekwisha kuandika nenosiri lake la KRA au la barua pepe kwenye mashine iliyokuwa na wageni hao alibadilishe, akitumia kifaa kingine.